Harlan Tveit na Risasi Isiyorudi Sufuriani

Harlan Nils Tveit alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 huko Darby, Montana, akiwa mtoto wa tatu wa Nils na Agnes Tveit. Theluji ilikuwa imeziba barabara, na mkunga alichelewa. Mama yake alipenda kusema kwamba tangu siku hiyo Harlan naye hakufika mapema popote, ila mawindoni.

Alisoma Darby hadi alipomaliza sekondari mwaka 1962. Hesabu zilimpenda; tahajia ilimkimbia. Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye kiwanda cha mbao, akanoa misumeno mpaka alipostaafu mwaka 2006. Jioni aliyeyusha madini ya risasi kwenye sufuria ya chuma, akayamimina kwenye kalibu, na kuitengenezea risasi bunduki ya wenzo, ya kukokiwa kwa mpini wa chini, aliyoachiwa na baba yake. Alisema nyama ya nyumbani kwake ingeangushwa kwa risasi aliyoimimina mwenyewe, au isingeliwa.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Agosti 1970, kwenye mashindano ya kulenga shabaha mjini Hamilton, alikuja na risasi alizozimimina kutokana na mabomba ya zamani, zinang'aa kama fedha. Za kwanza zilipata shabaha. Zilizofuata zilitawanyika, na ya mwisho ikatoboa pipa la maji. Binti aliyekuwa akihesabu alama, Verna Kolstad, alichungulia mtutu.

"Kaka, humu ndani umepiga plasta! Madini yako laini kama siagi, yamegandia mtutu wote."

"Lakini yanang'aa."

"Hata kijiko kinang'aa. Njoo gereji kwa baba uchukue vile vizito vya kusawazishia magurudumu, ni vigumu zaidi. Na uje umeoga."

Harlan alikwenda Jumatatu. Jumanne alikwenda tena, ingawa ndoo yake ya vizito ilikuwa imeshajaa. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1971 katika kanisa la Kilutheri la Hamilton, wakajaliwa binti mmoja, Darlene.

Tangu hapo Harlan alimimina, Verna akakagua. Kila risasi aliiinua penye mwanga wa dirisha. Yenye mikunjo, dalili ya madini kupoa kabla ya kujaza kalibu, ilirudi sufuriani bila rufaa.

Mwaka 2021 Harlan alipatwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono ikaanza kutetemeka. Msimu wa mawindo wa 2024 ulipokaribia, Darlene aliomba ammiminie.

"Ukimimina wewe, mwanangu, nyama ni yako. Mimi nitakula viazi."

Akamimina mwenyewe, polepole mno, na zote zikatoka na mikunjo. Akaanza kuzirudisha sufuriani. Verna akamshika mkono, akachagua moja iliyo nafuu.

"Hii inatosha."

"Ina mikunjo, mke wangu. Sheria uliweka wewe."

"Na wewe unayo, na sijakurudisha popote. Msogelee tu kulungu karibu."

Tarehe 9 Novemba, kando ya miti ya tufaha ya jirani, Harlan aliilaza bunduki juu ya gunia la shayiri uzioni, Verna akiwa begani pake. Kulungu dume akaja kula matufaha yaliyoanguka, karibu kabisa. Mlio ulikuwa mmoja. Darlene, aliyekuwa nyuma yao, alisikia wazee wakicheka kabla hajamwona kulungu chini.

Walipomchuna, risasi ilikutwa chini ya ngozi ya upande wa pili, imetanuka kama uyoga.

"Irudi sufuriani, isipotee bure," Harlan alisema. Verna akaitia mfukoni mwa aproni.

Harlan aliugua nimonia mwezi Januari, akafariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025. Ameacha mjane wake Verna. Binti yake Darlene, anayewasomea wasifu huu. Wajukuu Kirsten na Wade. Na dada yake Solveig. Mchuzi uliopo ukumbini ni wa dume yule. Tafadhali, pasibaki kitu.

Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, Verna aliitoa ile risasi na kuitia kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Hii hairudi sufuriani," alisema.

Apumzike nayo kwa amani.