Friji ya Bibi Oighrig

Wosia huu nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu Beathag, jikoni kwake Nis, kaskazini mwa kisiwa cha Leòdhas huko Uskoti, Aprili 1996, wiki moja baada ya kumzika bibi yangu Oighrig. Bibi alikuwa amemwita kitandani pamoja na baba yangu, Torcuil, akasema hivi:

Sikilizeni wanangu, wala msinikatize, maana pumzi iliyobaki sitaki kuimalizia kwenye friji.

Wewe Beathag ulirudi kutoka kituo cha redio na neno jipya la kuita friji kwa Kigaeli, lugha yetu: fuaradair, lililotungwa na kamati ya wasomi. Wewe Torcuil ukacheka mpaka chai ikakumwagikia, ukasema friji ni frids, kama Waingereza walivyotuuzia, na kamati ije basi ikusaidie kukamata kondoo. Akakuita kasuku. Ukamwita Mheshimiwa Kamusi. Hilo ningelivumilia, mmegombana tangu mnatambaa. Lakini kupatana kwenu ndiko kulikonichosha. Kila mmoja aliogopa kuchokozwa kwa neno lake, basi mkaanza kusemezana Kiingereza, humu humu, mbele ya moto wangu, watoto wakisikia. Juzi Ciorstaidh wako, Torcuil, aliniuliza: “Bibi, Kigaeli ni lugha ya wagonjwa?” Kwa nini asiulize, ikiwa haisikii ila mkija kitandani kwangu?

Neno letu la nanga tulilichukua kwa Wanorwe, na hakuna aliyezama kwa sababu hiyo. Baba yenu aliita trekta tractar, na shamba likalimika. Nami nikiwa peke yangu nimeiita friji fuaradair, na maziwa hayakuchacha. Mnagombea nini?

Nyumba ni ya Torcuil. Mtambo wa kufumia ni wa Beathag. Lile jembe la kukatia udongo wa kuwashia moto, ule mweusi wa kinamasini tunaoukausha uwe kuni, siligawi. Mnajua halitaki mtu mmoja: mmoja anakata juu, mwenzake yuko chini shimoni, anapokea tofali bichi na kulirusha kando. Tangu mnuniane mnanunua makaa, kila mtu yake, msije mkasimama pamoja. Mei hii mtakwenda pamoja, na watoto, na mtasemezana Kigaeli kwa neno lolote litakalowajia mdomoni. Atakayemsahihisha mwenzake, ashuke yeye kwenye maji ya shimo mpaka jioni. Msipokwenda, mwanasheria ameshaambiwa: vyote ni vya binamu yenu Uilleam na mbwa wake.

Nimechoka. Msinililie kwa Kiingereza. Mungu awalinde, na watoto wenu, na... Torcuil, niletee maji ya baridi. Yamo kwenye... iite utakavyo, mwanangu. Wewe iite tu.

Mei ile walikwenda, na baba alikata udongo na dada yake kila mwaka hadi alipofariki. Uilleam naye ameshazikwa. Kati ya waliotajwa kwa jina kwenye wosia, tuliobaki hai ni mimi Ciorstaidh, niliyeuliza lile swali la wagonjwa, na shangazi Beathag, ambaye siku hizi hukaa kitini ukingoni mwa shimo, ananisahihisha, na kwa umri wake tumemsamehe maji.