Hija bin Mmanga, Refa wa Upande Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, kwake tumetoka na kwake tutarejea. Mashehe, wazee wetu na nyote mliofika Pujini katika msiba huu, kwa niaba ya familia mimi Ame, mdogo wake marehemu, nimepewa kuwasomea maisha yake, nami nitajitahidi nisimpambe, kwani mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu Hija bin Mmanga alizaliwa hapa Pujini tarehe 7 Mei 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Mmanga na Bi Moza, akahitimu Kurani papa hapa kijijini, akasoma skuli ya serikali Chake Chake kuanzia mwaka 1940 hadi 1947, na mwaka 1949 akaajiriwa karani wa mizigo bandarini Wesha, kazi aliyoifanya mpaka maradhi yalipomzuia.

Lakini wengi wenu mlimjua kwa kriketi, mchezo aliojifunza kwa makarani wenzake na Wahindi wenye maduka, na kwa kuwa kupiga hakujua na kudaka hakuweza, wakamfanya refa. Mchezo ule una marefa wawili, mmoja kila upande wenye vijiti, na mwenzake alikuwa Bwana Saifuddin Gulam, muuza vitambaa, ambaye tunaye hapa leo. Mechi yao ya kwanza, Jumapili tarehe 5 Januari 1958, iliharibika, maana mchezaji alikimbilia upande wa Saifuddin, Saifuddin akasema amefika mstarini kabla mpira haujaangusha vijiti, na Hija kutoka upande wa pili akapiga kelele kwamba hakufika, watu wakaingia uwanjani kila mmoja na hukumu aliyoipenda, mechi ikafa. Jioni ile wakakaa barazani kwa Saifuddin wakagawana, kila mtu vijiti vyake na mstari wake, na asitazame cha mwenzake hata kikiwaka moto. Marehemu, mnamjua, akishika jambo ameshika.

Sasa mwaka 1960 alikuwa amemposa Mwanamize binti Kificho, harusi imepangwa Septemba, na Jumapili tarehe 14 Agosti makarani wakacheza na wenye maduka. Ilibaki mbio moja tu makarani washinde, na mchezaji wao wa mwisho alikuwa Pandu, kaka yake Mwanamize. Pandu akakimbilia upande wa Saifuddin, mwenzake Mabruki akakimbilia upande wa Hija, kwani mbio haihesabiwi mpaka wote wawili wafike, mpira ukaangusha vijiti vya Saifuddin, Saifuddin akanyanyua kidole, Pandu nje, mechi imekwisha. Umati ukamjia Hija mbio, ukidai, kwani yeye si shemeji, aitengue hukumu ile, naye akasema, "Miye sikuona, nilikuwa namwangalia Mabruki." Waliokaa mbali waliona, waliobaki nyumbani waliona, refa peke yake ndiye hakuona!

Wakamwita refa kipofu, na kwa kuwa siasa ilikwisha pamba moto, wengine wakasema kajiuza kwa Wahindi. Mzee Kificho akamwita kwa upole, "Neno moja tu, mwanangu, sema Pandu kaingia, harusi iwe," naye akajibu kuwa anamtaka Mwanamize kuliko kitu chochote, lakini hakuona. Septemba ikapita bila harusi, marehemu akakonda, na mama yetu akamsihi aseme tu yaishe, naye akakataa.

Mwishowe Mzee Kificho akaenda dukani kwa Saifuddin kumlaumu, Saifuddin akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwuliza kama Mabruki naye alifika. Mzee akatoka kwenda kutafuta aliyeona. Akauliza barazani, akauliza sokoni, akateremka hadi Wesha, asipate hata mmoja aliyemtazama Mabruki, na Mabruki mwenyewe akasema alikimbia shingo imegeukia kwa Pandu, hajui. Ndipo akamwita Hija, naye akajibu papo hapo kwamba Mabruki alifika, gongo lake la kupigia lilivuka mstari. Mzee Kificho akacheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe kijana wa watu alikuwa kazini. Wakaoana Ijumaa tarehe 21 Aprili 1961, wakajaaliwa binti, Mwanakhamis, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1962 na sasa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Pandu peke yake hakucheka, akawa anamwamkia shemeji yake kwa nusu mdomo.

Maradhi ya figo yalimwanza Septemba 1962, akalazwa hospitali Chake Chake mwezi Januari, na akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Machi 1963. Siku mbili kabla, Pandu aliingia wodini akaomba tumpishe, na sote tulijua amekwenda kuuliza nini, kwani mtu anayekufa hana timu. Alitoka akilia, akatuambia jibu ni lile lile, hakuona, na kwamba leo ameliamini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Pujini waliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa Wesha, na Bwana Saifuddin, aliyefunga duka akakaa naye. Tunakushukuru nawe Pandu, uliyeshuka kaburini ukampokea mikononi mwako.

Kapumzike, kaka yetu, Mola akulipe kwa ukweli wako. Amin.