Achari ya Siku Zangu

Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu wa kikundi chetu cha wasindikaji wa vyakula, wenye salamu za msikitini na wenye salamu za kanisani, zote nimezipokea. Naomba niongee nikiwa nimekaa. Sababu nitaisema mwishoni. Achari iko mezani na bagia bado za moto, kuleni bila kunisubiri.

Mwenyekiti aliniambia, "Dada, usitaje jina la mtu, na usiwe mrefu." La kwanza nitalitimiza.

Mimi ni mtu wa Lindi, nimeolewa hapa Kariakoo, kwenye nyumba ambayo mama mkwe wangu alikuwa akitengeneza achari ya ndimu na ya maembe tangu mimi sijazaliwa. Watu wa Upanga walikuwa wanatuma bajaji kuja kuichukua. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: mwanamke aliye kwenye siku zake hagusi achari, hagusi chupa, haingii jikoni. Anakaa kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na bomba, mpaka amalize.

Nilipokuwa bibi harusi niliuliza, "Mama, inaharibikaje?"

Akasema, "Mwanangu, unauliza kama polisi. Inaharibika."

Sikuuliza tena. Siku zangu zilikuwa tano, na siku tano kibarazani zinavumilika. Baada ya mtoto wa pili zikawa nane, kisha kumi na mbili. Najua kwa sababu niliandika kwenye daftari. Shule niliishia darasa la saba, na mengi ninayoyajua nimeyasoma kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pale mitaani kwetu, kwa hiyo nimezoea kuandika ninachokiona nisije nikakisahau.

Sasa fikirini wenyewe. Ningesema ukweli, ningekaa kibarazani karibu nusu ya kila mwezi. Nikadanganya. Nilivaa pedi na vitambaa juu yake, nikafunga kanga nyeusi, nikaingia jikoni na kukata maembe huku kichwa kinazunguka.

Msimu mmoja ndoo mbili za achari ya maembe ziliota ukungu mweupe. Mama mkwe akatuita sisi wanawake wote wa nyumba, akauliza, "Nani alikuwa kwenye siku zake?"

Nikasema, "Mimi, mama."

Hakunipiga wala hakunitukana. Alifunika ndoo tu. Nawaambia jambo hili kwa makini: aliyenitoa jikoni ni mimi mwenyewe, kwa sababu niliamini. Niliitazama mikono yangu nikaona ina kitu kinachoua chakula. Kwa mtu anayeishi kwa kutengeneza chakula, sijui kama kuna kuanguka kuzidi huko.

Nikaenda kufanya kibarua kwenye soko la kuku, kunyonyoa na kupasua. Pale hakuna aliyeniuliza habari za siku zangu. Wengi wa kuku tuliokuwa tunaletewa walikuwa wale wa mayai, wamefugwa kwenye vibanda, wametaga mpaka manyoya yamewapungua shingoni. Bosi akimkamata mmoja miguu anasema, "Huyu kamaliza mayai. Kazi yake imebaki supu." Wateja wanacheka. Na mimi nilicheka.

Siku moja nilimpasua kuku wa namna hiyo nikakuta ndani mwake viini, vimejipanga kama shanga. Kimoja kikubwa kama cha yai kamili, kingine kidogo zaidi, kingine zaidi, mpaka vya mwisho vidogo kama punje ya choroko. Nikasimama na kisu mkononi. Aliambiwa kamaliza. Hakuwa amemaliza.

Binti yangu alikuwa na kitabu cha baiolojia, nikakisoma sura ya uzazi mara tatu. Nikaelewa kwamba na mimi nina mayai, nimezaliwa nayo, na damu ninayoificha ni kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni ambaye mwezi huu hakuja. Nikaelewa pia kitu ambacho kitabu hakikukisema. Mayai tunayachukua kwa jike. Maziwa tunayachukua kwa jike aliyezaa, na ndama anasogezwa pembeni. Jike akichoka, ni supu. Na mwanamke? Ana thamani anapozaa, ana uchafu asipozaa mwezi huo, na akikoma anaambiwa kamaliza. Mimi sikuanza kuelewa haki za wanawake kwenye semina, nilianza kwenye karai la matumbo ya kuku. Tangu siku ile sijala nyama, yai wala samaki, na maziwa niliyaacha baadaye, kwa sababu chai ya maziwa ilikuwa ngumu kuiaga.

Wiki chache baadaye nilianguka palepale sokoni. Wenzangu wakanipeleka zahanati. Muuguzi akapima damu, akaniangalia.

"Dada, damu huna. Unatoka siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akaweka kalamu chini. "Na ulimwambia nani?"

"Daftari," nikasema.

Alicheka, kisha akaniandikia niende hospitali. Huko wakakuta uvimbe kwenye kizazi. Nimetibiwa, na leo siku zangu zimerudi kuwa tano. Yule muuguzi aliniambia neno nililolibandika kwenye jalada la daftari: hedhi ni taarifa ya mwili kila mwezi, ukiificha umejificha mwenyewe.

Aliniambia pia nile maini. Nikamwambia siwezi, nikamweleza sababu. Akasema, "Haya, mama wa kuku. Kula kunde, kula maharage na mchicha, kamulia ndimu juu yake, na chai usinywe na chakula. Vidonge vya damu utameza mpaka mimi niseme acha." Nisiwadanganye: mboga peke yake hazikunirudishia damu. Vidonge nilimeza miezi mingi, na mpaka leo nameza cha vitamini B12, kwa sababu mtu asiyekula kitu cha mnyama haipati vya kutosha kwenye mboga. Anayetaka kunifuata afuate na hilo.

Bado sikurudi jikoni. Elimu nilikuwa nayo kichwani, mikono ikawa bado inaogopa. Kilichonirudisha ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, anachambua ndimu na bibi yake, damu ikaja kwa mara ya kwanza. Bibi hakuwa mkali, alimwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, nenda kibarazani." Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa pale pale nilipokuwa nakaa mimi, amebana kanga magotini kama nilivyokuwa nabana mimi. Akanyanyua macho akauliza, "Mama, na mimi nitaharibu?"

Ningeweza kumjibu hapana. Lakini nilitaka jibu ambalo hata bibi yake hatalipinga. Nikanunua ndimu za gunia moja, ili zisitofautiane. Nikajaza chupa sita nikiwa kwenye siku zangu na chupa sita nikiwa nje ya siku zangu, chumvi kwa kijiko kilekile, jua la paa lilelile. Za siku zangu nilizitia tone jekundu la rangi ya kucha chini ya kitako. Nikaongeza chupa mbili nilizozisuuza nikazijaza bila kuzikausha. Hizo mbili ziliota ukungu mapema kabisa. Kwenye zile kumi na mbili, baada ya siku arobaini, hata doa sikuona.

Nikampelekea mama mkwe chupa mbili na kijiko. Akaonja moja, akaonja ya pili, akarudi kwenye ya kwanza.

"Hii ndiyo achari. Hiyo nyingine umeiharakisha."

"Mama, igeuze chupa."

Akaigeuza ile aliyoisifu, akaliona tone. Nikamweleza yote, mpaka zile mbili zilizokuwa na maji. Nilitegemea atafoka. Alisugua tone lile kwa kidole gumba, kisha akasema, "Zile ndoo za maembe. Siku ile ilinyesha. Ndoo zilikuwa nje, na mimi ndiye niliyeziingiza."

Halafu akauliza, "Basi mimi nimekaa kibarazani siku ngapi bure?"

Mimi ninayeandika kila kitu nilikuwa na jibu lililo karibu na kweli. Sikulitoa.

Akaita, "Mjukuu wangu, njoo huku ndani. Nawa mikono, uikaushe."

Ndugu zangu, tulimuuliza hata mwalimu wa kike wa madrasa, ili roho itulie. Akasema, "Sala na saumu umesamehewa siku hizo. Achari sijaisoma popote." Siku ya Idi wifi yangu alinitania mbele ya wageni, "Huyu siku hizi anakula kama mbuzi." Mama mkwe akamjibu, "Mbuzi anachinjwa. Huyu hachinji, hachinjwi." Akanisogezea sufuria ndogo ya pilau ya dengu aliyonipikia mwenyewe.

Nawashukuru wenzangu wa sokoni walionibeba, muuguzi aliyeniuliza hesabu, na mama mkwe aliyekubali kugeuza chupa katika umri ule. Binti yangu sasa ndiye anayepima chumvi. Ninachowaachia ni kidogo: ukiambiwa mwili wako unaharibu kitu, usikubali na usigombane. Jaza chupa mbili, weka alama, subiri.

Nimeongea nikiwa nimekaa kwa sababu leo ni siku yangu ya pili, na siku ya pili kiuno changu hakipendi kusimama. Achari iliyo mezani niliifunga nikiwa kwenye siku kama hii. Geuzeni muone. Lakini naona sahani za bagia ziko tupu na hakuna aliyeanguka.

Chupa naomba mnirudishie. Mkiziosha, mzikaushe.