Magoti Mawili, Siku Moja

Basi la kwenda hospitali lilikuwa na nafasi tele. Nilikaa nyuma ya fundi cherehani na mwalimu mstaafu, watu wasiojuana, ila magoti yalishawatambulisha kabla ya kituo cha pili.

"Nataka wanipasue yote mawili siku moja," alisema fundi. "Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikipona mguu mmoja, nishone nusu suruali?"

"Kaka, na moyo utahimili?" mwalimu alimuuliza. "Upasuaji unakuwa mrefu, na damu inapotea nyingi. Mimi daktari alishauri nianze na moja, la pili baada ya miezi mitatu. Haraka haraka haina baraka."

"Moyo wanaupima leo. Wakiukataa, nitafanya moja moja. Wewe la pili ulifanya lini?"

"Nilifanya la kulia. Leo nafuata dawa za maumivu za la kushoto." Mtu aliyesahihisha mitihani miaka thelathini alijua hilo si jibu. Akageukia dirishani.

"Nilijua ulipopanda, dada," fundi alimwambia. "Pindo la gauni lako limeinuka upande wa kulia. Mguu mmoja umenyooka, mwingine bado umepinda. Huu mwaka wa ngapi?"

"Wa nne," alisema polepole. "Yale mazoezi baada ya upasuaji, kaka, ukishayaonja hutaki kurudi tena."

"Ndiyo maana sitaki kupewa nafasi ya kutorudi."

Basi likasimama hospitalini. Kondakta akauliza nani anashuka. Wote wawili walikuwa wamesimama mlangoni, wameshika nguzo, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Tangulia."