Nani Alimbeba Nani

KOPLO: Haloo? Ni nani? Sema haraka, niko kwenye sherehe ya nishani—

MKE WA DEREVA: Ni mimi.

KOPLO: Mimi nani? Bendi inapiga hapa, sisikii!

MKE WA DEREVA: Mke wa dereva wako. Marehemu. Au namba yangu ulishaifuta?

KOPLO: Ah, shemeji! Za asubuhi? Mama hajambo?

MKE WA DEREVA: Hajambo wapi! Tangu redio itangaze nishani yako, mama mkwe kashika kikombe, chai imepoa, hanywi. Ananiuliza, "Kumbe mwanangu alikuwa mzigo?" Nimjibu nini?

KOPLO: Shemeji, tuongee jioni, sasa hivi—

MKE WA DEREVA: Sasa hivi! "Koplo shujaa alimbeba dereva wake chini ya mvua ya risasi." Ulimbeba wewe?

KOPLO: Punguza sauti kidogo.

MKE WA DEREVA: Ulinipigia kutoka hospitali ya huko ng'ambo mlikotumwa vitani, unalia mpaka nesi akakupokonya simu. Ulisema nini?

KOPLO: Shemeji, watu wananiangalia.

MKE WA DEREVA: Waangalie! Ulisema nini?

KOPLO: Nilisema... nilibebwa.

MKE WA DEREVA: Ulibebwa! Mtu mwembamba kama fagio, ana risasi ubavuni, na wewe na kilo zako tisini mgongoni kwake! Kutoka darajani mpaka kwa madaktari. Akakutua, akaketi chini, basi.

KOPLO: Najua. Nilikuwepo.

MKE WA DEREVA: Ulikuwepo kama gunia!

KOPLO: Ni karani, shemeji. Kwenye taarifa niliandika "nilibebwa na dereva". Akachapa "nilibeba na dereva". Herufi moja ilimponyoka.

MKE WA DEREVA: "Nilibeba na dereva"? Hiyo hata sentensi haisimami!

KOPLO: Ndiyo maana mkubwa akainyoosha. Ikawa "nilimbeba dereva".

MKE WA DEREVA: [mtandao unakwaruza] —akakupa usome?

KOPLO: Unakatika—

MKE WA DEREVA: Sikatiki! Nimeuliza, walikupa usome?

KOPLO: Walinipa.

MKE WA DEREVA: Na sahihi ya nani?

KOPLO: Yangu.

MKE WA DEREVA: Alaa. Kwa hiyo karani alikosea siku moja. Wewe umekosea kila siku tangu hapo.

KOPLO: Nilikuwa na maumivu, nilidhani ni karatasi tu ya kawaida! Halafu wakaanza kunipigia saluti. Ningeanzia wapi, shemeji? Nitakuletea nishani yenyewe. Ni ya kwenu. Jioni hii hii.

MKE WA DEREVA: Niifanyie nini, niipikie? Sitaki chuma chako! Nataka mdomo wako. Hapo hapo, kwenye kipaza sauti.

KOPLO: Watanivua cheo.

MKE WA DEREVA: Mwenzako alivuliwa uhai.

KOPLO: Shemeji—

MKE WA DEREVA: Usiniite shemeji! Shemeji ni ndugu wa mume wangu, na wewe umemfanya mume wangu furushi.

KOPLO: [kwa mbali] Naam, afande! Nakuja! [karibu] Wananiita. Kata, nikimaliza nakupigia mimi.

MKE WA DEREVA: Sikati ng'o. Nakujua wewe.

KOPLO: Basi usikate. Naiweka mfukoni hivi hivi, ikiwa wazi. Sikiliza mwenyewe.

MKE WA DEREVA: Salio langu haliendi mbali, fanya haraka! Mama! Mama, acha kikombe, njoo usikilize! Weka sikio hapa.

KOPLO: [kwa mbali, bendi inanyamaza] Wakubwa zangu... wazazi... hiyo taarifa mliyosomewa... [mkwaruzo] ...nimeitia sahihi mimi, na si kweli. Sikumbeba mtu yeyote. Mimi ndiye—

MKE WA DEREVA: Haya. Haya, endelea... [simu inakatika] Haloo? Mtaje. Haloo! Mama, amesema, umesikia amesema? Haloo? Mtaje jina lake, basi!