Fungu la Aliye Unguja

MWANAPILI: Haloo? Ni nani mwenzangu?

HUDHAIFA: Asalaam alaykum. Kaka'ko huyu, Hudhaifa. Namba yangu umeifuta?

MWANAPILI: Waalaykum salaam! Simu ya kwanza iliingia maji, namba zote zikapotea. Shikamoo, kaka.

HUDHAIFA: Marahaba. Hapo Ole hamjambo?

MWANAPILI: Sijambo. Niko peke yangu, naanika karafuu. Bora umepiga, kaka, nilikuwa na—

HUDHAIFA: Ngoja, salio dogo. Daftari la marehemu Bibi lipo? Lile la nyama ya Idi, kila mkaazi na fungu lake?

MWANAPILI: Lipo sandukuni. La nini?

HUDHAIFA: Kesi. Mzee Nyange wa hapo kwetu ananyimwa kura. Wanasema si mkaazi, alikaa Tanga miaka thelathini. Jaji anauliza, katiba yetu ya visiwani ilipoandikwa, themanini na nne, watu wakisema "mkaazi" walimkusudia nani? Wakili ninayemfanyia kazi kapekua vitabu mpaka macho mekundu. Nikamwambia, kwetu Bibi akiandika.

MWANAPILI: (Anacheka) Bibi kawa shahidi wa mahakamani!

HUDHAIFA: Nisomee mwaka huo.

MWANAPILI: Mimi? Darasa la tano lenyewe sikulimaliza, kaka.

HUDHAIFA: Polepole tu. Sikucheki.

(Karatasi zinachakarika.)

MWANAPILI: "Wakaazi wa... Ole. Idi kubwa, 1984." Majina... majina... "Nyange Kificho. Yuko Tanga. Fungu moja. Kapokea mama'ke."

HUDHAIFA: Allahu akbar! Yuko Tanga, na mkaazi! Wazee hawakumfuta aliyeondoka—

MWANAPILI: Mbele huku hayumo.

HUDHAIFA: Wapi?

MWANAPILI: Tisini na moja. Ndio mwaka aliokufa mama'ke. Hakubaki wa kumpokelea.

HUDHAIFA: Hiyo haituhusu. Jaji anataka themanini na nne.

MWANAPILI: Haya. Na wewe umo. Mwaka huu nimeandika mimi: "Hudhaifa Talib. Yuko Unguja. Kapokea Mwanapili."

HUDHAIFA: Kumbe unaandika?

MWANAPILI: Tangu azikwe Bibi. Siku ile tulikungoja mpaka laasiri.

HUDHAIFA: Boti ilijaa. Nilikwambia.

MWANAPILI: Uliniambia.

(Mtandao unakwaruza.)

MWANAPILI: Kaka, nimeposwa. Jabir, wa Wawi. Baba hayupo, walii wangu ni wewe.

HUDHAIFA: Mashaallah! Lini?

MWANAPILI: Karafuu zikisha. Utakuja kuniozesha?

HUDHAIFA: Na kesi hii... N'tampigia Shehe Nassor, aniwakilishe. Inajuzu.

MWANAPILI: Najua inajuzu.

HUDHAIFA: Haloo? Unakatika!

MWANAPILI: Nimesema najua.

HUDHAIFA: Usinune basi, bibi harusi! Daftari mpe mtu wa boti, kesho. Lifunge nailoni, lisirowe.

MWANAPILI: Njoo ulichukue mwenyewe. Hata siku moja.

HUDHAIFA: N'takuja, inshaallah. Kesi ikisha. Salio hilo linalia—

MWANAPILI: Mwakani n'ko Wawi, kaka. Nyumba hii tunaifunga. Sasa fungu lako—

HUDHAIFA: Usinifute, Mwanapili!

MWANAPILI: Sikufuti. N'taandika vilevile: "Hudhaifa Talib. Yuko Unguja. Kapokea..." Kapokea nani, kaka?

(Mlio wa simu iliyokatika.)

MWANAPILI: Haloo? Kaka? Haloo?