Picha ya Kumpelekea Magreth

Basi lilipoiacha Manyoni, Esta alianza kusali kimoyomoyo, lakini masikio yake yalibaki kwenye kiti cha mbele. Hapo mzee Antipasi alikuwa akimwonyesha jirani yake, Noorbanu mwenye duka la kanga Singida mjini, picha aliyopigwa kwenye bustani ya michezo Dar es Salaam. Mjukuu wake alimpandisha kigari kinachoporomoka kutoka juu, na kamera ikamnasa kinywa wazi, kofia imeruka.

"Mke wangu Magreth miguu haimruhusu kusafiri," alisema mzee. "Aliniagiza nimletee kumbukumbu ya huko. Sasa hii nitampaje? Tangu tuoane hajawahi kuniona nimeogopa. Hata fisi walipovamia zizi nilitoka peke yangu."

"Basi baba, mpe kanga, hiyo uifiche," Noorbanu alisema akicheka. "Fisi wangekuona hivi wangekuonea huruma."

"Kanga anazo."

"Na hapa ulikuwa unapiga kelele gani?"

"Kwanza nilimwita Mungu."

"Halafu?"

"Halafu Magreth."

Noorbanu hakucheka tena. Esta, ambaye sala yake ilikuwa imekwama njiani, sasa alimwomba Mungu dereva apunguze mwendo, asikie mazungumzo hadi mwisho. Lakini kondakta alikwisha kuita, "Wa kushuka Mkiwa wasogee," na basi likasimama.

Mzee aliteremka taratibu, begi begani. Pale chini akaifuta picha kwa upindo wa shati lake, kisha akashika njia ya nyumbani, bado ameishika mkononi.